Wakanda kutoka kitabuni hadi sinema: Je, filamu huzitendea haki hadithi za picha?

Tarehe 13 Februari 2018, siku chache kabla ya filamu ya Black Panther kuanza kuonyeshwa rasmi nchini Marekani, wakazi wa Kisumu, magharibi mwa Kenya, walipata fursa ya kuitazama katika mji wao kando ya Ziwa Viktoria. Mji huo ulikuwa na sababu ya kujivunia. Mmoja wa waigizaji wakuu wa filamu hiyo, Lupita Nyong'o, alizaliwa Mexico lakini akalelewa Kenya, na baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana wa Kaunti ya Kisumu.

Sherehe hiyo ilikuwa na jambo jingine la kutafakari. Filamu inasimulia habari za Wakanda, ufalme wa kubuniwa wa Kiafrika wenye utajiri na elimu isiyo na mfano. Baadhi ya ramani zilizochapishwa katika vitabu vya hadithi hiyo zimeuweka ufalme huo Afrika Mashariki, katika pande za Ziwa Turkana. Hivyo watazamaji wa Kisumu walikuwa wakitazama nchi ambayo, kwa ramani, ni jirani yao, ingawa ilibuniwa mjini New York na watu waliokuwa mbali sana na ziwa hilo.

Hadithi ya Wakanda ilianzia katika hadithi za picha, zile ambazo wengi huziita katuni au vibonzo. Safari yake hadi sinema ni mfano mzuri wa kujibu swali ambalo wapenzi wa sanaa hizi mbili wamebishana juu yake kwa miaka mingi: filamu huzitendea haki kwa kiasi gani hadithi zilizochorwa? Na inapotokea kwamba kitabu chenyewe kina kasoro, uaminifu kwa kitabu ni sifa au ni kosa?

Chimbuko la chui mweusi

Mfalme T'Challa, anayevaa vazi la chui mweusi, alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1966 katika toleo la 52 la jarida la Fantastic Four. Waliombuni ni mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Anahesabiwa kuwa shujaa wa kwanza Mweusi mwenye uwezo wa ajabu katika majarida makubwa ya hadithi za picha nchini Marekani. Chama cha kisiasa cha Black Panther kilianzishwa miezi kadhaa baadaye katika mwaka huohuo, mjini Oakland, California.

Katika hadithi hiyo ya kwanza, wageni kutoka Marekani wanafika Wakanda wakitarajia kukuta vibanda na mikuki. Wanakuta msitu wa mitambo. Wazo hilo la nchi ya Kiafrika iliyowashinda wageni wake kwa maarifa ndilo mbegu ya yote yaliyofuata, na filamu imelihifadhi kikamilifu. Hata hivyo, Lee na Kirby hawakueleza kwa kina jinsi watu wa nchi hiyo wanavyoishi. Kazi hiyo iliachiwa wengine.

Mwaka 1973 mwandishi Don McGregor alikabidhiwa jarida la Jungle Action. Kabla ya hapo jarida hilo lilikuwa likichapisha upya hadithi za miaka ya 1950 ambamo mashujaa Wazungu walitamba katika misitu ya Afrika, na McGregor, ambaye kazi yake ilikuwa kusahihisha kurasa kabla hazijachapwa, alilalamika kwamba ni aibu kuzichapisha. Alipopewa nafasi aliandika mfululizo mrefu uitwao Panther's Rage, ambao karibu wahusika wake wote ni Waafrika wa Wakanda. Miongoni mwa wachoraji wake alikuwa Billy Graham, msanii Mmarekani Mweusi.

Mwaka 1998 mwandishi Christopher Priest, ambaye naye ni Mmarekani Mweusi, alianza mfululizo mpya. Ndiye aliyeleta kikosi cha wanawake walinzi wa mfalme, Dora Milaje, wakiwemo Okoye na Nakia. Mwaka 2005 mwandishi Reginald Hudlin na mchoraji John Romita Mdogo walimbuni Shuri, dada wa mfalme. Kwa hiyo, mwongozaji Ryan Coogler na mwandishi mwenzake Joe Robert Cole walipoketi kuandika filamu, mbele yao hapakuwa na kitabu kimoja. Palikuwa na nusu karne ya kurasa zilizoandikwa na watu wengi, na mara nyingine kurasa hizo zilipingana.

Jambo hili huwatatiza wanaopima filamu kwa kipimo cha uaminifu. Riwaya huwa na mwandishi mmoja na mwisho mmoja. Hadithi za picha za mashujaa hufanana zaidi na ngano: kila msimulizi huongeza lake, na msikilizaji hawezi kusema kwa uhakika ni simulizi lipi lililo asili. Coogler alifanya kama afanyavyo msimulizi wa ngano. Alichukua hapa na pale, akaacha mengine, akaunganisha kwa uzi wake.

Maporomoko ya maji na mtoto aliyesahauliwa

Mchango mkubwa zaidi katika filamu umetoka kwa McGregor. Adui wa T'Challa, Erik Killmonger, ni kiumbe chake. Mapigano ukingoni mwa maporomoko ya maji, ambapo Killmonger anamshinda mfalme na kumtupa chini, yalichorwa kwanza katika toleo la 6 la Jungle Action. Msomaji wa zamani wa jarida hilo alipoyaona sinemani aliyatambua mara moja.

Lakini maana ya ugomvi huo imebadilishwa. Katika kitabu, Killmonger ni mzaliwa wa Wakanda aliyechukuliwa nchini mwake akiwa mdogo, akarejea akiwa na kinyongo. Lawama kubwa dhidi ya T'Challa katika kitabu ni kwamba aliwaacha watu wake, akaenda Marekani kushirikiana na mashujaa wa huko huku vijiji vya nyumbani vikiteketea. Katika filamu, Killmonger amezaliwa Oakland, mwana wa baba mdogo wa mfalme na mama Mmarekani Mweusi. Lawama yake ni kinyume cha ile ya kitabu: kwamba Wakanda ilijifungia milango, ikafurahia utajiri wake huku watu Weusi duniani wakiuzwa, wakikandamizwa na kufungwa.

Kwa maneno mengine, kitabu kinamshutumu mfalme kwa kutoka kupita kiasi, na filamu inaushutumu ufalme kwa kujificha kupita kiasi. Mabadiliko haya hayakuwa ya bahati mbaya. Coogler mwenyewe ni mzaliwa wa Oakland. Swali analouliza ni la Mmarekani Mweusi kwa Afrika: mlikuwa wapi tulipowahitaji? Ni swali zito, na ndilo lililoipa filamu uhai ambao filamu nyingi za mashujaa hazina. Mtu anaweza kusema kwamba Coogler aliachana na maneno ya McGregor ili aulinde ujasiri wake.

Pamoja na hayo, kuna kilichopotea, nacho si kidogo. Katika Panther's Rage, T'Challa hamuui Killmonger. Anayemaliza vita ni mtoto wa kijijini aitwaye Kantu, ambaye baba yake ameuawa katika machafuko hayo. Mtoto huyo anamsukuma Killmonger, naye anaporomoka kutoka maporomoko yaleyale. Mfalme anaokolewa na raia mdogo kabisa katika nchi yake. Katika filamu, mfalme anamchoma Killmonger kwa kisu, kisha Killmonger anakataa kutibiwa kwa kuwa hataki kuishi kifungoni.

Mwisho wa filamu ni wa kishujaa na wa kuhuzunisha. Mwisho wa kitabu unasema jambo jingine: nchi si ya mfalme peke yake. Kurasa za McGregor zimejaa wanakijiji, wajane, na watu wanaogombana nyumbani kwa sababu ya vita. Wakanda ya sinema ina mfalme, malkia mama, jemadari, jasusi na wazee wa makabila. Mwananchi wa kawaida anaonekana akipita sokoni tu. Filamu ya saa mbili na dakika chache isingeweza kubeba wote hao. Hapa ndipo tofauti ya sanaa hizi mbili inapojitokeza: mfululizo uliochapishwa kwa zaidi ya miaka miwili una muda wa kuwazungukia majirani, na filamu inalazimika kukaa ikulu.

Pale ambapo uaminifu ungekuwa kosa

Mfano ulio wazi zaidi wa mabadiliko ya lazima ni M'Baku. Mhusika huyu alizuka mwaka 1969 katika toleo la 62 la jarida la Avengers, kazi ya mwandishi Roy Thomas na mchoraji John Buscema. Humo alikuwa Mwafrika aliyevaa ngozi ya sokwe mweupe, aliyekula nyama yake na kuoga damu yake ili apate nguvu, na jina lake la vita lilimwita nusu mtu na nusu nyani. Kwa mtu yeyote anayejua historia ya matusi waliyotupiwa Waafrika, picha hiyo haihitaji ufafanuzi.

Filamu ilikuwa na njia tatu. Ingeweza kumwacha kabisa, ingeweza kumchukua alivyo, au ingeweza kumjenga upya. Ilichagua njia ya tatu. Lile jina la vita halitamkwi hata mara moja. M'Baku, anayeigizwa na Winston Duke, ni kiongozi wa Wajabari, watu wa milimani waliojitenga na mji mkuu kwa sababu wanahofia kwamba mitambo inaua mila. Sokwe amebaki kuwa alama ya heshima tu, iliyochongwa katika mbao na silaha zao. Na pale M'Baku anapomtishia mgeni Mzungu kwamba atamlisha watoto wake, kisha akacheka na kusema kwamba wao hawali nyama, filamu inachukua ule uzushi wa kale wa Waafrika wala watu na kuurudisha kwa wenyewe ukiwa kichekesho.

Wanawake wa hadithi hii nao walibadilishwa. Katika vitabu vya Priest, Dora Milaje ni wasichana walioteuliwa kutoka makabila mbalimbali, na kwa desturi huhesabiwa kuwa wachumba wa mfalme. Nakia wa kitabuni anaingiwa na wivu wa mapenzi hadi anakuwa adui. Katika filamu Okoye, anayeigizwa na Danai Gurira, ni jemadari mkuu wa jeshi, na Nakia wa Lupita Nyong'o ni jasusi mwenye msimamo wake wa kisiasa. Ayo, mmoja wa walinzi hao, anaigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, Uganda. Shuri, ambaye kitabuni alianza kama binti mfalme mwenye hamu ya vita, amekuwa mwanasayansi kijana anayewashinda wote kwa akili.

Mabadiliko hayo yote yanakiuka maandishi. Lakini ni vigumu kupata msomaji anayemtamani M'Baku wa mwaka 1969. Hili linafundisha kwamba kinachostahili kulindwa katika hadithi ni ahadi yake kwa msomaji. Ahadi ya Wakanda tangu ukurasa wa kwanza ilikuwa kumwonyesha Mwafrika akiwa na heshima yake. Pale ambapo kitabu chenyewe kilivunja ahadi hiyo, filamu iliirejesha.

Mavazi ya Afrika, lugha ya kusini

Mchoraji wa kitabu anaweza kuacha nafasi tupu nyuma ya mhusika, na msomaji akaijaza kwa mawazo. Kamera haina ruhusa hiyo. Kila ukuta, kila kitambaa na kila bakuli lazima kitoke mahali fulani. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi, alichota kutoka pande nyingi za bara: mablanketi ya Wasotho, kofia za wanawake wa Kizulu, wekundu na shanga za Wamaasai, udongo mwekundu wa Wahimba. Hannah Beachler alisanifu miji na majumba. Ludwig Göransson, mtunzi wa muziki kutoka Sweden, alisafiri hadi Senegal na kufanya kazi na mwimbaji Baaba Maal. Watatu hao walipata tuzo za Oscar mwaka 2019, na Carter na Beachler walikuwa watu Weusi wa kwanza kushinda katika fani zao. Filamu yenyewe ilikuwa ya kwanza ya mashujaa wa hadithi za picha kuteuliwa kuwania tuzo ya filamu bora, na iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani.

Upigaji picha ulifanyika kwa kiasi kikubwa katika studio za Atlanta, Marekani. Mandhari zilizopigwa kutoka angani zilichukuliwa Afrika, zikiwemo za Uganda, Zambia na Afrika Kusini.

Lugha ya Wakanda ina kisa chake. Mwigizaji mkongwe wa Afrika Kusini, John Kani, ambaye lugha yake ni Kixhosa, alimwigiza mfalme T'Chaka katika filamu ya Captain America: Civil War ya mwaka 2016. Kani ndiye aliyependekeza kwamba baba na mwana wa Wakanda wazungumze Kixhosa, na tangu hapo lugha hiyo ikawa ndiyo lugha ya ufalme. Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alijifunza kuitamka na akasisitiza kwamba mfalme asiyewahi kutawaliwa hana sababu ya kuzungumza kwa lafudhi ya Ulaya.

Kwa wasikilizaji wanaozungumza Kiswahili mahali ambapo lugha yao ni ya wachache, uamuzi huo una pande mbili. Kwa upande mmoja ni heshima kubwa: lugha hai ya Kiafrika, yenye wenyewe, ilisikika katika majumba ya sinema ya dunia nzima badala ya maneno ya kubuni yasiyo na maana. Kwa upande wa pili, nchi iliyowekwa kwenye ramani jirani na Turkana inazungumza lugha ya maelfu ya kilomita kusini, inavaa nguo za Lesotho na kuimba kwa sauti ya Senegal. Afrika yote imekunjwa ikawa nchi moja. Vitabu havikukutana na tatizo hili kwa ukali huo, kwa kuwa katika kiputo cha maneno lugha zote huandikwa kwa Kiingereza na msomaji hasikii lafudhi. Sinema ndiyo iliyolazimika kuchagua, na kila uchaguzi humwacha mtu nje.

Filamu hiyo ilifika pia mahali ambapo hapakuwa na sinema. Tarehe 18 Aprili 2018, Saudi Arabia ilipofungua tena jumba la sinema mjini Riyadh baada ya marufuku ya zaidi ya miongo mitatu, Black Panther ndiyo iliyoonyeshwa.

Kunakili picha hakutoshi

Wapo waongozaji waliochagua njia tofauti kabisa, yaani kukifuata kitabu kisanduku kwa kisanduku. Mwaka 2005 Robert Rodriguez alitengeneza Sin City pamoja na Frank Miller, mwandishi na mchoraji wa vitabu hivyo. Ili Miller atambuliwe kuwa mwongozaji mwenza, Rodriguez alijiuzulu katika chama cha waongozaji wa Marekani. Filamu ilitumia rangi nyeusi na nyeupe na vivuli vikali kama vilivyo kwenye karatasi, na picha nyingi zimelingana na michoro kwa kiasi cha kushangaza.

Watchmen ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Zack Snyder, nayo ilijitahidi kukifuata kitabu cha Alan Moore na Dave Gibbons kilichotoka kwa sehemu 12 kati ya mwaka 1986 na 1987. Ilibadilisha jambo moja kubwa, yaani janga la mwisho. Kitabuni ni dubwana la kutengenezwa linaloangamiza New York. Katika filamu lawama anatupiwa Dokta Manhattan. Moore alikataa jina lake lisitajwe kabisa katika filamu hiyo, na anayetajwa ni Gibbons peke yake.

Watchmen inaonyesha ugumu halisi ulipo. Kurasa nyingi za kitabu hicho zimegawanywa katika visanduku tisa vilivyo sawa. Msomaji anaweza kusimama, kurudi nyuma, kulinganisha kisanduku cha juu na cha chini, na kugundua kwamba saa, doa la damu au uso vimejirudia. Yeye ndiye mwenye saa mkononi. Katika sinema saa iko mkononi mwa mwongozaji, na picha ikishapita imepita. Mtu anaweza kunakili kila mchoro kwa uaminifu na bado akapoteza kitabu, kwa sababu kitabu kilikuwa katika kule kusimama na kurudi.

Waandishi walioongoza wenyewe

Njia ya tatu ni mwenye hadithi kuipeleka mwenyewe sinemani. Katsuhiro Otomo wa Japani aliongoza filamu ya Akira mwaka 1988 ilhali vitabu vyake vilikuwa bado vinaendelea kutoka. Filamu hiyo na vitabu hivyo vina miisho tofauti, na hakuna anayeweza kumshutumu kwa kumsaliti mwandishi.

Marjane Satrapi, mzaliwa wa Iran anayeishi Ufaransa, alichora maisha yake ya utotoni wakati wa mapinduzi ya Iran katika Persepolis, vitabu vinne vilivyotoka kati ya mwaka 2000 na 2003. Aliikataa dhana ya kutumia waigizaji wa kuonekana. Hoja yake ilikuwa kwamba watazamaji wa nje wangeona habari za watu wa mbali wasiofanana nao, ilhali uso uliochorwa kwa mistari michache unaweza kuwa wa mtu yeyote. Pamoja na Vincent Paronnaud alitengeneza filamu ya michoro, sehemu kubwa nyeusi na nyeupe, ambayo mwaka 2007 iligawana tuzo ya majaji katika tamasha la Cannes.

Barani Afrika mfano wa karibu ni Aya de Yopougon. Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, aliandika vitabu hivyo na Clément Oubrerie akavichora kuanzia mwaka 2005. Vinasimulia maisha ya wasichana wa mtaa wa Yopougon nchini Côte d'Ivoire mwishoni mwa miaka ya 1970: mapenzi, masomo, wazazi wenye siri, na ndoto ya kuwa daktari. Hakuna vita wala njaa. Abouet na Oubrerie waliongoza pamoja filamu ya michoro iliyotoka mwaka 2013, ikisimulia vitabu viwili vya mwanzo. Rangi ni zilezile, na mazungumzo yamepata kile ambacho karatasi haikuweza kutoa, yaani sauti ya Kifaransa cha Abidjan na muziki wa wakati huo. Uhakika wa aina hiyo haupatikani Wakanda, kwa kuwa Yopougon ipo kweli, na aliyeisimulia aliishi humo.

Kitabu chenye doa

Eneo la Maziwa Makuu lina kumbukumbu yake chungu ya hadithi za picha. Kati ya mwaka 1930 na 1931 mchoraji Mbelgiji Hergé alichapisha safari ya Tintin nchini Congo, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Waakongo wamechorwa humo kama watoto wasiojua lolote. Mwaka 1946 Hergé alikichora upya kitabu hicho kwa rangi, na somo ambalo Tintin aliwafundisha wanafunzi kwamba nchi yao ni Ubelgiji likageuzwa kuwa somo la hesabu. Mwaka 2007 raia mmoja wa Congo alianzisha mashtaka nchini Ubelgiji akitaka kitabu kipigwe marufuku; mahakama ilimkatalia mwaka 2012.

Steven Spielberg alipotengeneza filamu ya Tintin mwaka 2011, alichota kutoka vitabu vitatu vingine. Kimya hicho nacho ni aina ya jibu. Kuna vitabu vinavyoweza kujengwa upya, kama alivyojengwa M'Baku, na kuna vile ambavyo watengenezaji filamu huona ni heri kuviacha rafuni.

Kifo cha mfalme na msaada wa kitabu

Agosti 2020 Chadwick Boseman alifariki dunia kwa saratani akiwa na umri wa miaka 43. Watengenezaji waliamua kutomweka mwigizaji mwingine mahali pake. Filamu ya pili, Wakanda Forever ya mwaka 2022, ilianza kwa msiba, na vazi la chui likavaliwa na Shuri. Uamuzi huo ulikuwa na msingi kitabuni: katika vitabu vya mwaka 2009, Shuri alishika nafasi ya kaka yake. Hadithi za picha zina wepesi ambao mwili wa mwigizaji hauna. Mhusika aliyechorwa hazeeki wala hafi asipotakiwa. Sinema ilipokutana na kifo cha kweli, ilirudi kwenye kurasa za zamani kutafuta njia.

Namna ya kupima

Kwa kuzingatia mifano hii, msomaji anayeketi kutazama filamu iliyotokana na kitabu anaweza kujiuliza maswali matatu. La kwanza, filamu imelinda ahadi ya hadithi, hata kama imebadilisha matukio? La pili, imetumia kile ambacho sinema peke yake inaweza kutoa, kama sauti, lugha na mwendo? La tatu, nani aliyeachwa nje katika safari hiyo, na je, kulikuwa na ulazima? Kwa maswali mawili ya kwanza Black Panther inapata alama za juu. Kwa la tatu, mtoto Kantu bado anasubiri.

Ukanda huu haukosi hadithi zake za picha. Nchini Kenya, Juha Kalulu aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, na tangu mwaka 2010 Shujaaz imewafikia vijana kwa lugha ya Sheng. Nchini Tanzania jarida la Sani lilizoeza kizazi kizima kusoma kwa macho na kucheka kwa Kiswahili. Congo imetoa wachoraji mahiri kama Barly Baruti wa Kisangani. Wasomaji hao wamezoea kuwaona wahusika wao wakizungumza lugha wanayoisikia nyumbani na sokoni. Siku hadithi hizo zitakapopelekwa sinemani, mwongozaji hatahitaji kukisia watu wa karibu na Turkana au Ziwa Viktoria huzungumza vipi, kwani lugha yao tayari imeandikwa ndani ya viputo.